Bibi Aligeuza Uso

Kilichonipeleka pale kibandani ni nauli. Nilikuwa nasubiri gari la kurudi Tanga mjini, mfukoni sina keshi, nikajipanga nyuma ya watu wawili chini ya mwamvuli wa wakala. Mbele yangu alisimama bibi mmoja aliyejitanda khanga. Alifungua pindo, akatoa simu ndogo ya batani iliyoviringishwa kitambaa, akampa wakala kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi. Leo tunatoa?"

"Marahaba. Nitolee ishirini, mwanangu."

"Ni ile ile?"

"Ile ile."

Wakala akaiinamia simu, akaanza kubonyeza. Hapo ndipo bibi alipogeuza uso. Barabarani hapakuwa na kitu cha kutazama, hata bodaboda haikupita. Aligeuka kwa makusudi, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake abadilishe nguo, akabaki hivyo mpaka simu ilipolia kwamba ujumbe umeingia. Kisha akarudisha uso, akapokea noti mbili za elfu kumi, akazifunga pindoni, akashukuru, akaenda zake.

Sote tunajua inavyotakiwa. Mteja hubonyeza namba ya siri, wakala huangalia pembeni. Hapa mwenye siri ndiye aliyeangalia pembeni. Gari la Tanga lilikuja, nikaliacha lipite.

Sitamtaja wakala huyu kwa jina, wala mji wake, kwa kuwa anachokifanya ni kinyume cha masharti ya kila mtandao anaoufanyia kazi. Ni mama wa makamo, yumo kwenye uwakala kwa mwaka wa tisa, na meza yake ina laini za mitandao yote. Foleni ilipokwisha alinisogezea stuli.

"Kwenye semina wanatuambia mteja akikutajia namba yake, ziba masikio," alisema. "Sawa, nizibe. Sasa huyu bibi leo atakula nini? Macho hayaoni vizuri, kusoma hajui, menyu ikishafika kwenye 'ingiza namba ya siri' yeye anaona michirizi tu. Mwanawe yuko Dar, ametuma pesa, pesa imefika. Iko kwenye simu, ndani ya khanga yake. Lakini kati ya bibi na pesa yake kuna tarakimu nne."

Anazo namba za wazee kumi na saba, zote kichwani. Nilimuuliza kama ameziandika mahali. Akanitazama kama niliyemtukana. "Siku nikiziandika, kaka, hazitakuwa siri tena. Zitakuwa mali. Na mali huibwa."

Alicho nacho kwa maandishi ni daftari la kaunta, lile gumu lenye jalada jekundu. Amelipiga mistari kwa rula: tarehe, jina, kiasi, salio lililobaki, sahihi. Kila muamala wa mzee huwa umo, japokuwa mtandao nao unaweka kumbukumbu zake. Kwenye safu ya sahihi kuna madoa ya wino wa muhuri, ya dole gumba, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna aliyemwagiza. "Meseji bibi hawezi kuisoma, lakini dole lake analijua. Akija mwanawe na kuuliza pesa ilikwenda wapi, nitafungua hapa."

Niliyatazama madoa yale kwa muda. Ya wazee wengine yana mistari yake ya alama. Ya bibi yule ni bapa, buluu tupu, kama kokwa la embe. Wakala aliona ninapotazama. Alikumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, mwisho wa laini za zamani ukawa Januari 2020. Alimsindikiza bibi mwenyewe. Mashine ilikataa dole gumba, ikakataa cha shahada, wakapitia mkono mzima wakahamia wa pili. "Jembe limezila alama zote," alisema. "Yule kijana wa mashine akampaka mafuta, akamfuta, akambonyeza tena. Kidole kilichokubali mwishoni ni kidole kidogo cha kushoto."

Basi nikauliza nililotaka kuuliza tangu mwanzo. Kwa nini anageuka?

"Hata mimi niliwahi kumuuliza. Akaniambia, mtu anapokusaidia ukamkodolea macho, ni kama umemwita mwizi. Anageuka ili nisijione ninachungwa."

Jibu lilinitosha. Nilifunga daftari langu na ningeondoka nalo hilo hilo, kama si mvua fupi iliyotufungia chini ya mwamvuli. Wakati tunangoja ikatike ndipo aliponisimulia namba ilivyotungwa.

Bibi hajui kusoma, ila kuhesabu ni kazi yake. Ameuza machungwa kwa mafungu tangu ujana. Wakala alimwambia atafute vitu vinne ambavyo idadi yake hawezi kuisahau hata akiamshwa usiku wa manane. Bibi akafikiri, akasema: watoto niliozaa, watoto waliobaki, vyumba vya nyumba yangu, michungwa ya uani. Hiyo ndiyo ikawa namba yake. (Vitu vitatu kati ya hivyo nimevibadilisha hapa kwa usalama wake. Kimoja sikuweza kukibadilisha.) Kwa miaka kadhaa alikuwa akija anaitaja mwenyewe, kwa kunong'ona, tarakimu moja moja, wakala akimwingizia.

"Asubuhi moja akataja, nikaingiza, ikakataa. Nikasema labda nimekosea. Akataja tena, ikakataa. Nikamzuia kabla ya mara ya tatu, maana ya tatu inafunga. Nikamwambia, bibi, umebadilisha namba? Akasema sijabadilisha, hesabu ni ile ile: niliozaa, waliobaki..."

Hapo wakala alinyamaza kidogo.

"Kaka, mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kwenye msiba ule. Nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu siku tatu. Mwanawe wa pili. Bibi alikuwa amehesabu sawasawa. Simu ndiyo ilikuwa inataka aseme mwanawe bado yupo."

Wakala alijitolea kumbadilishia namba palepale. Bibi akakataa. Akasema, iache humo kwenye simu. Tangu siku hiyo haitaji tena kwa kinywa chake. Anaulizwa, "Ni ile ile?" anajibu, "Ile ile." Kisha anageuka.

Sasa nina majibu mawili ya swali moja. La kwanza nimepewa kwa maneno, na ni jibu la mtu aliyelelewa vizuri. La pili hakuna aliyenipa, na bibi mwenyewe sikuthubutu kumfuata kumuuliza.

Kwa nini tarakimu ziwe nne? Nilipofika nyumbani nililifuatilia hilo. Tarehe 27 Juni 1967, benki ya Barclays ilizindua mashine ya kutolea pesa huko Enfield, kaskazini mwa London. Mmoja wa wanaohesabiwa kuwa waasisi wake, John Shepherd-Barron, alisimulia uzeeni kwamba alikusudia tarakimu sita, kwa kuwa yeye aliikumbuka namba yake ya jeshi. Wakiwa kwenye meza ya jikoni akamuuliza mkewe, Caroline. Mke akajibu kwamba yeye anaweza kukumbuka nne tu, na nne ndizo zikabaki. Yupo pia Mskoti James Goodfellow, aliyeomba hataza ya mfumo wa namba ya siri mwaka 1966, na ubishi wa nani alitangulia haujaisha. Lakini kisa cha Caroline ndicho kilichonikaa moyoni. Siri hii ilikatwa kama nguo, kwa kipimo cha kumbukumbu ya mwanamke mmoja aliyeulizwa jikoni kwake. Ikaingia kwenye M-Pesa ya Kenya mwaka 2007, nayo M-Pesa ikafika kwetu mwaka uliofuata, ikaenea vijijini kuliko benki yoyote. Katika safari yote hiyo, bibi wa machungwa hakuna aliyemuuliza yeye anakumbuka nini, na anakikumbuka namna gani.

Simsafishi wakala. Wapo mawakala waliokwapua pesa za wazee kwa njia hii hii, na wapo wajukuu waliofanya hivyo kabla ya mawakala. Matapeli nao hawalali. Wakala mwenyewe alinionyesha zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", tatu kwa wiki moja, zote amezipeleka 15040, namba ya kuripotia utapeli, kama tunavyoelekezwa. Anaijua hatari aliyoishika. Siku moja kijana alikuja na simu ya bibi yake, akataja namba sahihi, akasema bibi anaumwa na anataka dawa. Wakala alifunga kibanda saa za biashara, akaongozana naye mpaka nyumbani. Bibi alikuwa kitandani kweli, ana homa.

"Nilimtolea palepale. Lakini yule kijana njia nzima nilimtazama kama mwizi, na alijua. Mpaka leo ananisalimia kwa mbali. Sasa nilikosea? Nisingemfuata, na kama angekuwa mwongo?"

Sikuwa na la kumjibu. Kanuni ina jibu rahisi: namba ni ya mwenyewe, basi. Nimelirudia jibu hilo mara nyingi tangu siku ile na kila mara linagonga kwenye lile doa la buluu lisilo na mistari.

Mvua ilipokatika alinieleza jambo moja zaidi, bila kuulizwa, huku akifuta maji mezani.

"Wanne wameshafariki. Familia zikafuata mirathi, wengine wamekwenda mpaka mahakamani, wengine wameacha kwa kuwa salio lenyewe ni la kununua sukari. Mimi siwagusii. Ila namba zao bado ninazo. Nikilala zinakuja. Namba haijui kwamba mwenyewe hayupo. Niziweke wapi?"

Gari jingine la Tanga likapiga honi. Nilikuwa bado sijatoa nauli. Nikapiga menyu upesi, nikaingiza namba ya wakala, kiasi, kisha namba yangu ya siri, kioo nimekikinga kwa kiganja kama nilivyozoea siku zote. Nilipoinua kichwa, mama yule alikuwa ameangalia barabarani.