Kibao Kinang'aa, Lakini Je, Ni Salama?

Mwaka 2011, watu 33 walifariki Marekani baada ya kula matikiti ya kantalupu kutoka shamba moja katika jimbo la Colorado. Utadhani tatizo lilikuwa kwenye udongo au maji ya kumwagilia. Wapi! Sampuli za shambani zilikuwa safi. Bakteria wa Listeria alikutwa kwenye banda la kufungashia: sakafu yenye madimbwi, na mashine ngumu kusafisha ambazo ziliwahi kuoshea viazi.

Jikoni kwako, mashine hiyo ni kibao cha kukatia. Umekata kuku, ukakipitisha kwenye maji, ukakatia nyanya za kachumbari. Kuku ataiva motoni. Kachumbari je?

"Mimi huwa naweka jiki," utasema. Sawa, lakini ulianza na sabuni? Klorini haichagui adui. Inamshambulia bakteria, lakini pia inashambulia mafuta, damu na maji ya nyanya. Kibao kikiwa kichafu, nguvu yake inaishia kwenye uchafu kabla haijamfikia bakteria. Halafu bakteria wenyewe hujitengenezea utando wa ute, hasa ndani ya mikwaruzo ya kisu, wakajificha humo. Utando huo hutoka kwa kusuguliwa, siyo kwa kumwagiwa dawa tu.

Kwa hiyo sugua kwa sabuni, suuza, ndipo uweke dawa. Soma lebo kwanza. Kama jiki yako haina manukato na ina klorini asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai (mililita 5) kwenye lita moja ya maji kitakupa karibu miligramu 175 kwa lita. Inatosha kabisa, Marekani wanaruhusu hadi 200 kwenye sehemu zinazogusa chakula bila kusuuza tena. Kiache kibao kikiwa kimelowa dakika moja au mbili. Hapa ndipo wengi tunaharibu, tunamwaga na kufuta papo hapo. Kisha kisimamishe kikauke chenyewe, maana ukikifuta kwa kile kitambaa cha jikoni (unakijua) unarudisha ulichotoa.

Na usichanganye jiki na siki au limau ukidhani unaongeza makali. Hapo inatoka gesi ya klorini, nayo inaumiza mapafu.