Utalii wa Serengeti Enzi za Ujamaa

Kuanzia Azimio la Arusha la mwaka 1967 hadi mageuzi ya uchumi ya katikati ya miaka ya 1980, mtalii aliyefika Serengeti alikuwa mgeni wa serikali karibu kwa kila jambo. Hifadhi ilikuwa ya umma, hoteli aliyolala ilikuwa ya shirika la umma, na benki iliyombadilishia fedha ilikuwa imetaifishwa. Leo nchi inayotajwa zaidi kwa utalii wa aina hiyo ni Cuba, kisiwa cha Karibi kinachotawaliwa na Chama cha Kikomunisti, ambako wageni kutoka Kanada na Ulaya huenda kupumzika ufukweni. Wakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hawahitaji kuvuka bahari ili kuuelewa utalii huo. Ulifanyika mlangoni kwao, na wao ndio walioonja faida yake ndogo na hasara yake kubwa.

Urithi wa kabla ya Azimio

Serengeti ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1959 mipaka yake ilichorwa upya. Ngorongoro ikatengwa na kuwa na mamlaka yake, na Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi wakatakiwa kuhama. Mwaka huohuo kitabu na filamu ya Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Frankfurt, viliitangaza Serengeti kote Ulaya. Mwanawe, Michael, alikufa Januari 1959 katika ajali ya ndege ndogo waliyoitumia kuhesabu wanyama.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilirithi mbuga iliyokwisha kujulikana duniani. Miezi mitatu kabla, katika mkutano wa uhifadhi uliofanyika Arusha, Julius Nyerere alitoa ahadi ya maandishi kwamba nchi yake ingewatunza wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo. Alikuwa pia muwazi kuhusu sababu. Alisema kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, lakini aliamini kuwa, baada ya almasi na mkonge, wanyamapori wangekuja kuwa chanzo kikubwa cha mapato ya Tanganyika. Maneno hayo ya mtu aliyezaliwa Butiama, katika mkoa uleule wa Mara, yalibeba sera nzima iliyofuata: mnyama ni mali ya taifa, na mgeni anayekuja kumtazama ni njia ya kupata fedha za kigeni.

Katikati ya miaka ya 1960 hifadhi ilipanuliwa kaskazini kwa kuingiza Lamai, eneo lililoko kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya. Nyumbu walipata njia salama ya kufika Masai Mara, na wakulima na wafugaji wa Kikurya wakapoteza ardhi yenye maji na malisho. Kwa watu wa Tarime, hapo ndipo hifadhi ilipoanza kuwa jirani asiyeweza kupuuzwa.

Hoteli zilizojengwa kwenye majabali

Azimio la Arusha liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Mwaka 1969 likaundwa Shirika la Utalii Tanzania, lililojulikana zaidi kwa herufi TTC, likakabidhiwa kazi ya kujenga na kuendesha hoteli za kitalii kutoka fukwe za Dar es Salaam hadi kwenye ukingo wa Ngorongoro. Ndani ya Serengeti shirika lilikuwa na hoteli mbili kubwa zenye vyumba 75 kila moja: Lobo, kaskazini mwa hifadhi, na Seronera, katikati yake.

Hoteli hizo bado zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu zinaonyesha kwamba shirika la umma liliweza kujenga kitu kizuri. Lobo haikujengwa kando ya majabali bali ndani yake. Kuta za mbao na vioo zimepita kati ya mawe makubwa kuliko nyumba, ngazi zinapanda zikikwepa jabali moja hadi jingine, na bwawa la kuogelea limekaa kwenye mwamba wenyewe. Mgeni aliyesimama mbali kidogo aliona mlima wa mawe tu na pengine asitambue kuwa kuna hoteli. Seronera nayo iliachia mawe yaingie hadi kwenye kumbi zake, na pimbi walioyazoea majabali hayo tangu zamani hawakuhama. Mjusi na pimbi waliota jua hatua chache kutoka kwenye meza za wageni.

Lobo iliwekwa mahali pale kwa hesabu. Wakati inajengwa, kati ya mwaka 1968 na 1970, watalii wengi wa Serengeti walianzia Nairobi. Walipita Masai Mara, wakavuka mpaka kati ya Sand River na Bologonja, wakalala Lobo au Seronera, wakaendelea Ngorongoro na Manyara, kisha wakarudi Nairobi kupitia Arusha na Namanga. Safari ilianza Kenya na kuishia Kenya, na sehemu kubwa ya malipo ilibaki Nairobi kwenye makampuni ya safari. Hilo liliiumiza serikali ya Tanzania, nayo ikajenga Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ili wageni washukie moja kwa moja kaskazini mwa nchi.

Mgeni na fomu yake

Likizo katika nchi ya ujamaa ilikuwa na taratibu zake. Mgeni alipoingia nchini alijaza fomu ya fedha za kigeni: dola ngapi, pauni ngapi, hundi za wasafiri ngapi. Kila alipobadilisha fedha benki, kiasi kiliandikwa na kugongwa muhuri. Siku ya kuondoka, ofisa aliweza kulinganisha fomu na fedha zilizobaki mfukoni. Hoteli za kitalii zilimtaka mgeni wa nje alipe kwa fedha za kigeni au athibitishe kuwa shilingi zake zilitoka benki.

Taratibu hizo zilikuwa na maana kwa hazina. Nchi ilihitaji dola za kununulia mafuta, dawa na vipuri, na kahawa, pamba na mkonge havikutosha. Lakini thamani ya shilingi iliyopangwa na serikali iliachana mno na ile ya mitaani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, dola iliyouzwa kwa magendo ilileta shilingi mara kadhaa zaidi ya zile za benki, na kila mgeni alikutana na mtu wa kumnong'oneza bei nyingine.

Uhaba nao uliingia hotelini. Baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 kumeza fedha, vipuri na mafuta vilikuwa adimu hata kwenye mashirika ya umma. Magari binafsi yalikatazwa kutembea kuanzia saa nane mchana siku ya Jumapili ili kuokoa petroli. Hoteli iliyojengwa kwa ustadi mkubwa ilianza kukosa maji bombani na bia kwenye jokofu, si kwa uvivu wa wafanyakazi wake, bali kwa sababu pampu iliyoharibika ilihitaji kifaa kutoka nje na fedha ya kukiagizia haikuwapo.

Mjadala wa mwaka 1970

Watanzania wenyewe hawakunyamaza. Mwaka 1970 vijana wa TANU, chama tawala, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali katika gazeti la The Standard. Waliuliza kama nchi inayojenga ujamaa na kujitegemea inaweza kutegemea starehe ya matajiri wa nje. Hoja zao zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya uchumi: hoteli zinahitaji mitaji mikubwa na bidhaa za kuagizwa, hivyo dola nyingi hurudi zilikotoka. Ya pili ilikuwa ya utu: mwananchi aliyetoka ukoloni majuzi asifundishwe tena kuwa mtumishi wa mgeni. Waliowajibu walisema kwamba nchi maskini haichagui chanzo cha fedha za kigeni, na kwamba utalii ukiwa mikononi mwa umma faida yake hujenga shule na zahanati. Issa Shivji alihariri kitabu cha mjadala huo, kilichotoka mwaka 1973. Serikali iliendelea na utalii, lakini maswali yale hayajapoteza uzito hadi leo.

Upande wa pili wa mpaka wa hifadhi

Wakati mgeni akitazama simba Seronera, vijiji vya jirani vilikuwa katika mabadiliko makubwa. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilifika Mara. Kaya za Wakurya, Waikoma, Wanata na Wangoreme, zilizozoea kukaa mbalimbali na ng'ombe na mashamba yao, zilihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Katika mwaka huohuo wilaya mpya ya Serengeti ilianzishwa, makao yake yakiwa Mugumu.

Mapato ya lango la hifadhi hayakusimama Mugumu wala Tarime. Yalikwenda kwa Shirika la Hifadhi za Taifa na hazina. Kijijini kilichoonekana zaidi ni katazo: kutochunga, kutokata kuni, kutowinda. Uwindaji wa nyumbu uliokuwa sehemu ya maisha ya Waikoma na majirani zao uliitwa ujangili, na mtu aliyekutwa na kimoro, nyama iliyokaushwa, alipelekwa mahakamani. Hakuna sheria iliyomzuia Mtanzania kulala Seronera. Wananchi walilipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini. Lakini mkulima aliyepanga foleni ya sabuni kwenye duka la kijiji hakuwa na nafasi ya kufikiria hoteli.

Februari 1977

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya tarehe 4 Februari 1977, siku moja kabla ya TANU na ASP, chama cha Zanzibar, kuungana na kuzaa CCM. Magari ya utalii ya Kenya yaliyokutwa Tanzania yalizuiliwa. Safari ya mzunguko kutoka Nairobi ikakatika siku hiyo. Lobo, iliyojengwa kumpokea mgeni anayetoka Masai Mara, ikajikuta kwenye pembe ya nchi isiyopitiwa na mtu.

Tarime iliumia kwa namna nyingine. Sirari ni kituo cha mpaka, na koo za Kikurya kama Wairege, Wanyabasi na Wakira zina ndugu pande zote mbili. Mahari, matanga na masoko vyote vilivuka mpaka uliochorwa na wakoloni. Baada ya kufungwa, watu waliendelea kwa njia za panya. Ng'ombe na kahawa vilikwenda Kenya. Sabuni, mafuta ya kupikia na nguo vikarudi. Jambo la kawaida la ujirani likageuka magendo.

Hifadhi yenyewe ililipa gharama kubwa kuliko zote. Mapato yalipoanguka, doria zilipungua kwa kukosa magari na petroli. Katika kaskazini ya Serengeti nyati walipungua sana, tembo waliuawa au kukimbilia Kenya, na faru karibu watoweke. Nyumbu tu ndio waliostawi: walikuwa wamefika takriban milioni 1.3 mwaka 1977, kwa sababu ugonjwa wa sotoka ulikuwa umedhibitiwa.

Cuba ilivyopita njia hiyohiyo

Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, alizuru Tanzania Machi 1977, wiki chache baada ya mpaka kufungwa. Nchi yake wakati huo ilikuwa na wageni wachache, maana mapinduzi ya mwaka 1959 yalifunga kasino na Marekani ikawakataza raia wake kwenda. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Cuba ilirudi kwenye utalii kwa sababu zilezile za Tanzania ya 1967. Dola iliruhusiwa mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikatolewa peso ya pili iliyolingana nayo. Kisiwa kikawa na fedha mbili, moja ya mishahara na moja ya bidhaa nzuri, hadi Januari 2021. Daktari aliyelipwa kwa peso ya kawaida alipata kidogo kuliko mhudumu wa hoteli aliyepewa bahashishi. Raia wa Cuba hawakuruhusiwa kulala katika hoteli za kitalii hadi mwaka 2008.

Jambo moja Cuba ililifanya mapema katika mageuzi yake: kuanzia mwaka 1997 iliziruhusu familia kwa leseni kupangisha vyumba kwa wageni. Fedha ya mtalii ikafika sebuleni kwa mwananchi. Katika vijiji vya Serengeti enzi za TTC mlango wa namna hiyo haukuwapo.

Mageuzi na hali iliyofuata

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi alichukua urais, na mwaka uliofuata serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kushusha thamani ya shilingi. Mwaka 1992 sheria iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha, na fomu ya mpakani ikapoteza kazi. Katika miaka ya 1990 Bodi ya Utalii ilichukua kazi ya kuitangaza nchi, na hoteli za umma, zikiwamo Lobo na Seronera, zikaingia mikononi mwa kampuni binafsi.

Wanakijiji nao walianza kuhesabiwa. Mwaka 1988 mpango wa Ujirani Mwema wa Hifadhi za Taifa ulianza kusaidia madarasa na zahanati katika vijiji vya pembeni. Baada ya sera ya wanyamapori ya mwaka 1998, vijiji vitano vya wilaya ya Serengeti, kikiwamo Robanda, viliunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, inayoingia mikataba na wawekezaji na kugawana mapato na vijiji. Malalamiko kuhusu mgao, tembo wanaoharibu mashamba na mifugo inayokamatwa hayajaisha, lakini kijiji sasa kina mkataba wa kuushika mkononi na haki ya kuudai.

Kitu kimoja cha mwaka 1977 hakijarudi. Sirari na Isebania, upande wake wa Kenya, hupitisha malori na mabasi kila siku, ila njia ya Bologonja haijafunguliwa tena kwa watalii. Anayetaka kutoka Masai Mara kwenda Lobo huzunguka kupitia Sirari na Tarime, na mzunguko huo ndio unaozipa hoteli na vituo vya mafuta vya wilaya za Tarime na Serengeti sehemu ya biashara ambayo enzi za TTC ilizipita mbali.