Mti Usio na Majani Haujafa

Wengi wetu tulikariri tangu shule ya msingi kwamba kuna miti inayobaki kijani mwaka mzima na kuna inayopukutisha majani. Tukaandika, tukapata alama, tukasonga mbele. Ila swali moja dogo halikuulizwa: kwa nini? Jani ni jiko la mti, ndimo chakula kinamopikwa kwa mwanga wa jua. Sasa inakuwaje mti mzima na afya yake uvunje majiko yake yote kila mwaka?

Tuanze na maji. Ili jani lipike, lazima lifungue vitundu vidogo viitwavyo stomata ili hewa ya kaboni dayoksaidi iingie. Tatizo ni kwamba vitundu hivyo vikiwa wazi, maji nayo yanatoka. Wakati wa mvua hakuna shida, mizizi inafidia. Kiangazi kikikolea na udongo ukakauka, kila jani linakuwa bomba linalovuja. Hapo miti mingi inaamua kuyaachia.

Na siyo kwamba majani yanaanguka ovyo. Kabla ya kulidondosha jani, mti hurudisha kwenye matawi sehemu ya naitrojeni na fosforasi iliyokuwemo. Umbijani unavunjwavunjwa, ndiyo maana jani linageuka njano. Kisha kwenye shina la kikonyo hujengeka tabaka maalumu la seli, jani linakatika hapo, na kidonda kinazibwa. Kwa lugha ya hosteli, mti unahama chumba ukiwa umeshabeba vitu vyake vya maana.

Sasa mbona mwembe hauhami? Hapa ni suala la matumizi. Kuna mwanafunzi ambaye bumu likiingia ananunua viatu vya bei rahisi, anavaa muhula mmoja, anatupa. Mwingine ananunua pea moja ya ngozi ngumu inayomfikisha mahafali. Miti inayopukutisha hutengeneza majani mepesi, ya gharama ndogo, yanayopika haraka wakati mvua ipo. Miti ya kijani daima huwekeza kwenye jani nene, gumu, mara nyingi lenye nta juu, ambalo hudumu muda mrefu. Kwenye udongo maskini hesabu hiyo ya pili huwa na faida, maana kila jani jipya linahitaji virutubisho ambavyo havipatikani kirahisi. Na tusidanganyane, hata mwembe unaangusha majani. Tofauti ni kwamba unayabadilisha kidogo kidogo, kwa hiyo hauonekani mtupu.

Vitabu vingi tulivyosomea vinaeleza kupukutika kwa mfano wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako miti huachia majani kwa sababu ya majira ya baridi. Kwetu sababu kubwa ni ukame, na mfano tunao mlangoni: miombo. Misitu hii imeenea Tabora, Katavi, Rukwa, Ruvuma, Lindi na kwingineko, ikiwa na miti kama mninga. Katikati ya kiangazi inabaki mifupa. Lakini angalia kinachotokea kuanzia Agosti hadi Oktoba: wiki kadhaa kabla ya mvua kunyesha, miombo huchipua majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba. Maji inatoa wapi? Kwenye akiba iliyohifadhiwa ndani ya shina na kwa mizizi inayokwenda chini sana. Mvua ikija, jiko liko tayari.

Kwenye milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa mambo ni mengine. Mvua na ukungu hufika karibu mwaka mzima, hivyo misitu yake ya asili hubaki kijani. Kivuli cha kudumu hutunza unyevu, udongo haupigwi na mvua moja kwa moja, na mito inapata maji hata kiangazi. Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, unapata sehemu ya maji yake kutoka Uluguru.

Halafu kuna mgunga unaoitwa Faidherbia albida, ambao umeamua kwenda kinyume na wenzake. Unapukutisha mvua zinapoanza na unakuwa kijani wakati wa kiangazi. Mkulima akipanda mahindi chini yake, mahindi yanapata jua, na mti huo wa jamii ya kunde unarutubisha udongo kwa naitrojeni. Kiangazi mifugo inapata kivuli na maganda ya kula.

Haya yana uzito nje ya chumba cha mtihani. Mti mtupu ukidhaniwa umekufa, unakatwa kuwa kuni au mkaa bila mtu kujiuliza mara mbili. Majani yaliyodondoka ni mbolea ya msitu wenyewe, lakini pia ni makavu. Moto unaowashwa mwishoni mwa kiangazi huyala yote na kuunguza machipukizi mapya wakati mti umeshatumia akiba yake. Ndiyo maana moto wa wakati huo huumiza miombo kuliko ule wa mwanzoni mwa kiangazi.

Kwetu tunaosomea ualimu, mafunzo kwa vitendo mara nyingi huangukia katikati ya mwaka, majani yanapoanza kudondoka. Hakuna haja ya kuchora mti wa Ulaya ubaoni. Watoe wanafunzi nje, wachague tawi jembamba la mti uliokauka machoni pao, wakwarue gome kidogo kwa ukucha. Wakikuta rangi ya kijani na unyevu chini yake, basi waulize wao: mti huu unasubiri nini?