Salio la Uzito

Mwalimu mmoja mstaafu wa Lurambi ameniandikia. Anataka kununua pikapu ya kabini mbili, kisha fundi wa jua kali amtengenezee kijumba cha kulala kinachokaa juu ya bodi ya nyuma. Atakuwa akiwapeleka watazamaji wa ndege katika Msitu wa Kakamega, leo Buyangu, kesho Isecheno, na usiku walale papo hapo. Msimu wa wageni ukiisha, kijumba kinashushwa na pikapu inarudi kubeba mbolea. Swali lake ni hili: muuzaji anasema gari ni la tani moja, fundi anasema kijumba hakitazidi kilo 600, sasa wasiwasi wa nini?

Wasiwasi upo, Mwalimu, lakini haukai hapo unapoutafuta.

Kwanza majina. Wamarekani wana vitu hivi kwa wingi na sisi hatujaviita chochote. Karavani si jina lake, maana karavani hukokotwa. Kibanda hakifai kabisa: ukitangaza Kakamega kwamba una kibanda juu ya pikapu, watu watakuja kuulizia chapati na madondo. Nitasema kijumba na kuendelea. Neno linalonikosesha usingizi ni lile la uzito ambao gari linaruhusiwa kupakiwa. Vitabu husema "uwezo wa kubeba". Silipendi. Uwezo ni kama nguvu za ng'ombe, anazo akiwa zizini na anazo akiwa shambani. Namba hii si ya namna hiyo. Ni kile kinachobaki baada ya gari kujibeba lenyewe, na kila anayepanda anakipunguza. Napendekeza salio la uzito. Kila mwenye simu nchini anajua salio ni nini na linavyoisha. Tofauti ni kwamba huku hakuna Okoa Jahazi.

Salio lenyewe ni hesabu ya kutoa, kwa hiyo tuipite haraka. Kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya kitabu cha gari kuna uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji anauruhusu, gari na vyote vilivyomo. Tuseme ni kilo 2,900. Gari tupu lina kilo 1,950. Zinabaki 950, na hapo tayari "tani moja" ya muuzaji imepungua. Watu wanne wa kilo 70 wanakula 280. Ngao ya chuma mbele, ile kila mwenye pikapu anaitaka, tuipe 50. Salio ni 620.

Je, kijumba kitakuwa 600 kweli? Inategemea bati. Plati ya chuma ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 1.5, ina kilo 35. Ya alumini, ukubwa na unene uleule, ina kilo 12. Kijumba cha urefu wa mita 2.2, upana 1.6 na kimo 1.5 kina eneo la kama mita za mraba 18 ukihesabu kuta, paa na sakafu. Ngozi yake peke yake, ikiwa ya chuma, ni zaidi ya kilo 210. Ikiwa ya alumini, kama 73. Halafu fremu, kitanda, makabati, betri, lita 60 za maji ambazo ni kilo 60, na gesi. Mtungi wa gesi wa kilo 13 hauna kilo 13. Hiyo ni gesi tu. Mtungi ukijaa ni karibu mara mbili ya hapo, na uzito wa chuma chake umegongwa kwenye shingo yake kwa yeyote anayejali kusoma. Basi, 600 inawezekana, fundi akiwa mwangalifu na mbao zikiwa kavu. Msitu ule hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mbao zilizolowa huongeza uzito bila kumwambia mtu.

Kwa hiyo 600 ndani ya 620. Kwenye karatasi Mwalimu amefaulu.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Chukua pikapu ambayo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 3. Pikapu nyingi tunazoziona haziko mbali na hapo. Weka kilo 600 juu ya ekseli ya nyuma kabisa, sawasawa. Ekseli ya nyuma inabeba 600 na ya mbele haina habari. Usogeze mzigo huohuo mbele kwa sentimita 20. Ekseli ya mbele inapokea kilo 40, ya nyuma inabaki na 560. Raha tupu. Sasa usogeze nyuma ya ekseli kwa sentimita 60. Zidisha 600 kwa 0.6, gawanya kwa 3: ni 120. Hizo kilo 120 hazipungui kwenye ekseli ya nyuma, zinaongezeka. Ekseli ya nyuma sasa imeongezewa kilo 720 na mzigo wa kilo 600.

Rudia kusoma hapo. Mzigo haujaongezwa hata msumari. Kilo 120 zimetoka wapi? Zimeng'olewa mbele. Ekseli ya nyuma imegeuka kuwa mhimili, mkia wa gari unabonyezwa chini, na pua inainuliwa, kwa hiyo magurudumu ya mbele yanakanyaga barabara kwa kilo 120 pungufu ya pale gari lilipokuwa tupu. Gari limepakiwa na mbele limekuwa jepesi zaidi. Wakulima wa miwa wa Malava na Mumias hawahitaji hesabu hii. Wameshaona trekta likiinua miguu ya mbele huku trela likilielemea mkia.

Mama aliyembeba mtoto mgongoni anaijua fizikia hii kuliko mhandisi. Mtazame anavyofunga mbeleko. Anainama, anampandisha mtoto juu hadi katikati ya mabega, anambana, ndipo anafunga. Anapoinuka hasimami wima kabisa; anaegemea mbele kidogo. Anachofanya ni kuhakikisha kwamba kitovu cha uzito wao wawili, yaani ile nukta ambayo uzito wote ni kama umekusanyika hapo, kinaning'inia juu ya nyayo zake. Mbeleko ikilegea, mtoto anateleza hadi kiunoni na kuachana na mgongo. Kilo ni zilezile, lakini mama anaanza kuumwa mgongo, anainama zaidi, mwisho anasimama kando ya njia, anamrusha mtoto juu na kufunga upya. Mtoto akilala na kutupa kichwa nyuma, mama anajua bila kugeuka. Akipanda mlima anaegemea mbele zaidi. Siku nzima anafanya marekebisho ya aina hii bila kufikiri. Pikapu ni mama asiyeweza kuinama. Nyayo zake zimepigiliwa mita 3 mbali mbali, mgongo wake ni chasisi ya chuma, na mtoto akifungwa vibaya asubuhi atabebwa vibaya hadi jioni.

Na hapa ndipo kabini mbili inapomponza Mwalimu. Pikapu ya kabini moja na ile ya kabini mbili za aina moja mara nyingi zina umbali uleule kati ya ekseli. Kilichofanyika ni kwamba viti vya nyuma vimekula bodi kutoka upande wa mbele. Katika kabini moja, ukuta wa mbele wa bodi unaweza kuwa mita 1.3 mbele ya ekseli ya nyuma. Katika kabini mbili, tuseme ni nusu mita. Kijumba cha mita 2.2 kikisukumwa hadi ukutani, kitovu chake kikiwa katikati, kitaangukia mita 1.1 kutoka ukuta huo. Kwa kabini moja, hiyo ni sentimita 20 mbele ya ekseli. Kwa kabini mbili, ni sentimita 60 nyuma yake. Ile mifano yangu miwili hapo juu ilikuwa ni pikapu hizi mbili. Na michoro ya Mwalimu inaonyesha jiko limewekwa mwisho kabisa, karibu na mlango, ili mgeni apike akiwa amesimama nje. Ni wazo zuri kwa mpishi. Linasogeza kitovu nyuma zaidi.

Marekani wamelizingatia hili kiasi kwamba kanuni zao zinamtaka mtengenezaji wa pikapu inayofaa kubeba kijumba aeleze, pamoja na uzito unaoruhusiwa, kitovu cha mzigo huo kinapaswa kuwa kati ya wapi na wapi kwenye bodi. Namba ya uzito bila mahali pake ni nusu ya habari.

Magurudumu ya mbele yakiwa mepesi, yanapoteza kazi mbili kwa pamoja. Ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yote mawili yanategemea tairi kukanyaga barabara kwa uzito. Dereva atakuambia usukani umekuwa laini, na atasema kama sifa. Usiku utaitambua pikapu ya namna hii ikiwa bado mbali, kwa sababu taa zake zinamulika vilele vya mikaratusi badala ya lami, na kila dereva anayekutana nayo anampigia taa akidhani amesahau kuzishusha.

Fundi ana dawa yake: kuongeza majani ya springi nyuma. Mkia unanyanyuka, gari linakaa sawa, taa zinarudi barabarani, mteja analipa. Kumbe ni kumvalisha yule mama viatu vya visigino. Anaonekana amesimama vizuri, lakini kilo 120 hazikurudi mbele. Ni ngumu kupata kipimo chochote kitakachoonyesha zimerudi. Tairi ni zilezile, beringi ni zilezile, na chasisi nyuma ya kabini inapinda kama ilivyokuwa ikipinda, ila sasa kila shimo linaipiga kupitia springi ngumu zaidi. Chasisi zilizovunjika mgongo hapo, kati ya kabini na bodi, si hadithi. Si kwamba springi ni dhambi. Ni kwamba zinatibu sura.

Mlima nao una neno. Ukitoka Kisumu kuja juu Maragoli unapanda mamia ya mita, na gari likiinua pua, kitovu kinarudi nyuma kulingana na kimo chake. Kitovu kilicho mita 1.3 juu ya barabara, kwenye mwinuko wa mita 10 kwa kila 100, kinasogea nyuma sentimita 13. Kijumba cha kabini moja, kilichokuwa 20 mbele ya ekseli, kinabaki 7 mbele. Cha kabini mbili kinafika 73 nyuma, na mbele panapungukiwa na kilo 146. Hiyo ni kijumba tu. Abiria na injini nao wanasogea. Ndiyo maana napendelea kijumba kifupi kwenda juu kuliko wateja wanavyopenda. Kila anayelala ndani anataka kusimama wima ndani.

Kuna jaribio la shilingi sifuri ambalo nalipenda kupita kiasi. Gari likiwa tupu mahali tambarare, pima kwa tepu kutoka ardhini hadi ukingo wa matao ya magurudumu ya mbele. Pakia kijumba, bila watu. Pima tena. Mbele pakishuka hata kidogo, kitovu cha mzigo kiko mbele ya ekseli ya nyuma. Pasipobadilika, kiko juu yake. Pakipanda, kiko nyuma, na hakuna fundi wa kukubishia. Tepu moja imekuonyesha kitu usichoweza kukiona wala kukigusa.

Kwa kilo kamili, nenda kwenye mizani. Kaunti ya Kakamega ina bahati hapa, kwa kuwa muwa hulipwa kwa tani na kila kiwanda cha sukari kinaishi kwa mizani yake; barabara ya kwenda Webuye peke yake ina Butali na Kabras. Omba kwa adabu wakati foleni ya matrekta ni fupi. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, andika, pandisha gari lote, andika, toa. Linganisha na viwango vya kila ekseli, si jumla tu. Kwenye tairi soma namba ndogo inayofuata ukubwa: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 100 ni kilo 800, tairi ikiwa na upepo wa kutosha. Mambo ya bima, ukaguzi wa NTSA na namna ya kukifunga kijumba kisiruke kwenye matuta, ulizia kabla hujalipa fundi.

Ushauri wangu, Mwalimu: kabini moja, ngozi ya alumini, jiko mbele. Wageni wawili badala ya watatu. Kama kabini mbili ni lazima kwa sababu ya familia, basi hema la kukunja juu ya paa la bodi, na kijumba ukisahau.

Na maji. Tangi likae mbele, limegusa ukuta wa kabini, chini kabisa. Hilo mafundi wengi wanalijua. Wasilolifikiria ni tangi la pili, la maji machafu, ambalo huwekwa nyuma ili limwagike kwa urahisi. Wageni wakioga na kuosha vyombo, lita 60 zinahama taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, karibu mita 1.8. Zidisha 60 kwa 1.8, gawanya kwa 3. Kilo 36 zimeondoka kwenye ekseli ya mbele na kuhamia ya nyuma huku gari limeegeshwa na kila mtu amelala. Kwa hiyo tangi la maji machafu nalo liende mbele, hata kama fundi atalalamika kuhusu urefu wa bomba.