Kila mwandishi na kazi yake ya pembeni: Funzo la Samandari kwa waliorudi na wanaovuka mpaka

MFANYABIASHARA anayevuka Gatumba kwenda Uvira, au Kobero kwenda Kabanga, hakosi daftari. Humo ameandika nani anadaiwa, vitenge vingapi vimeuzwa na faranga zilibadilishwa kwa bei gani siku ile. Daftari hilo halihesabiwi na mtu yeyote kuwa maandishi. Likijaa, kurasa zake hufungiwa maandazi au ndagala, na habari za mwaka mzima wa mtu zinaishia hapo.

Lakini ndugu msomaji, mtu ambaye Waswahili wengi humtaja kwanza wanapozungumzia fasihi yao alikuwa mtu wa mizigo na stakabadhi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944. Mchana alikagua mali za watu. Kuandika ilikuwa kazi yake ya saa za ziada, na ndiyo iliyobakiza jina lake baada ya kufariki mwaka 1962.

Makala haya yanaangalia jambo ambalo hapa Bujumbura halijazungumzwa vya kutosha: waandishi wanapokutana, wanaleta nini mezani mbali na karatasi? Na je, yule aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake ana nafasi katika mkutano huo?

Samandari ni nani?

Katika masimulizi ya Kirundi yupo mtu anayeitwa Samandari, mwerevu mwenye jibu kwa kila swali, hata swali la mkubwa. Msomaji aliyekulia upande wa Kigoma au pwani anaweza kumfananisha na Abunuwasi. Jina hilo ndilo walilochagua vijana wa Bujumbura walipoanzisha baraza lao la fasihi mwanzoni mwa muongo wa 2010. Miongoni mwa waanzilishi walikuwemo mwandishi wa riwaya Roland Rugero na mshairi Ketty Nivyabandi.

Utaratibu wao haukuwa mgumu. Walikutana Alhamisi jioni. Mtu alikuja na alichoandika, akakisoma kwa sauti, na wenzake wakakijadili. Katika mji ambao vitabu ni ghali na wachapishaji wanahesabika, baraza la namna hiyo lilikuwa shule, maktaba na kijiwe kwa wakati mmoja.

Watu wa mazingira hayo hayo walisaidia kuanzisha mashindano mawili ya hadithi fupi. La kwanza, kwa Kifaransa, lilipewa jina la Michel Kayoya, padri na mwandishi wa Burundi aliyeuawa katika maafa ya mwaka 1972. La pili, kwa Kiingereza, liliitwa Andika. Neno hilo msomaji wa Kiswahili analielewa bila kuambiwa, na tutalirudia baadaye.

Aidha, lilikuwepo jukwaa la Sembura, lililowaunganisha waandishi wa Burundi, Rwanda na Kongo na kutoa mikusanyo ya kazi zao. Kwa anayeishi kwa kuvuka mipaka hiyo kila wiki, jambo hilo halina ugeni wowote. Bidhaa zilikuwa zimeshatangulia njia hiyo, na hadithi zikafuata.

Kila mtu na mzigo wake

Ukiwaangalia waandishi wetu mmoja mmoja, utagundua kwamba ni wachache sana wanaoandika tu. Rugero, aliyezaliwa mwaka 1986, alifanya kazi ya uandishi wa habari tangu mwaka 2008. Mwaka 2011 aliandika, akaongoza na kutayarisha filamu ndefu iitwayo “Amaguru n’amaboko”, yaani miguu na mikono, ambayo hutajwa kuwa filamu ndefu ya pili kutengenezwa nchini. Riwaya yake “Baho!” ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2012, na tafsiri yake ya mwaka 2016 ndiyo riwaya ya kwanza ya Mrundi kutafsiriwa kwa Kiingereza.

Filamu ndefu ya kwanza, “Gito l’ingrat” ya mwaka 1992, ni ya Léonce Ngabo, ambaye watu wengi walimfahamu kwanza kama mwanamuziki. Filamu hiyo inamhusu kijana aliyerudi kutoka masomoni Ufaransa akidhani uwaziri unamsubiri uwanja wa ndege. Waliorudi na vyeti vyao na kuambiwa wasubiri wanaweza kuicheka, kisha wakanyamaza kidogo.

Gaël Faye naye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, akaondoka mwaka 1995 kwa sababu ya vita. Alisomea mambo ya fedha na kufanya kazi London kabla ya kuiacha na kushika muziki. Jina “Petit pays” lilianza kuwa wimbo wake, kisha likawa jina la riwaya iliyotoka mwaka 2016 na kupata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa lise nchini Ufaransa. Ni dhahiri kwamba hesabu za fedha na mapigo ya rapu havikupotea bure. Vilimfundisha kupima maneno.

Marie-Louise Sibazuri alipitia mlango mwingine kabisa: ukumbi wa maigizo na redio. Ndiye aliyeandika “Umubanyi niwe muryango”, mchezo wa redio uliotolewa na Studio Ijambo kuanzia miaka ya mwisho ya 1990. Jina lake lina maana kwamba jirani ndiye ndugu. Ulizihusu familia za Wahutu na Watutsi wanaoishi karibu karibu, na ulisikilizwa wakati bunduki bado zinalia. Vipindi vyake vilikuwa mamia. Mwandishi huyo alikuwa na wasikilizaji kuliko mwenye kitabu yeyote wa nchi hii, na wengi wao hawakuwahi kununua kitabu.

Hali ni hiyo hiyo kwa majirani. Nchini Kenya, Binyavanga Wainaina, aliyepata Tuzo ya Caine mwaka 2002, alikuwa mpenzi wa mapishi na aliandika sana kuhusu chakula alipoishi Afrika Kusini. Fedha na sifa za tuzo hiyo zilisaidia kuzaliwa kwa jarida la “Kwani?” mwaka 2003, na kundi lake likawaweka pamoja washairi wa jukwaani, wachora katuni na waandishi wa habari.

Funzo ni moja. Baraza la waandishi hushiba kwa vitu ambavyo wanachama wamejifunza mahali pengine. Fundi cherehani anajua jinsi kitambaa kinavyokatwa bila kupoteza, na mpiga ngoma anajua wapi pa kunyamaza. Muuza mawese wa Rumonge anaweza kumsoma mteja kabla hajafungua mdomo. Wakikaa meza moja, kila mmoja anaondoka na kitu ambacho hakukijua.

Sokwe! Niruze!

Jambo hili, kusema kweli, wazee wetu walilifahamu kabla ya kalamu. Jioni, mtu wa Kirundi akisema “Sokwe!”, wenzake hujibu “Niruze!”, na kitendawili kinatolewa. Mswahili wa Buyenzi husema “Kitendawili!”, akajibiwa “Tega!”. Maneno ni tofauti, mchezo ni ule ule, na mtoto aliyekulia kambini mara nyingi anaijua milango yote miwili.

Kuna pia inanga, ambayo mpigaji wake huimba kwa sauti ya kunong’ona kana kwamba anampa msikilizaji siri. Kuna majigambo, sifa za ng’ombe na ngoma za kifalme, ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Vyote hivyo ni shule za mwandishi. Anayesikiliza inanga kwa makini hujifunza kwamba habari nzito haihitaji kupazwa.

Kiswahili bado kipo mlangoni

Hapa ndipo penye tatizo. Mashindano yale mawili yalikuwa ya Kifaransa na Kiingereza. Kirundi ni lugha ya wote na kina heshima yake. Kiswahili je? Kilifika pwani ya ziwa hili na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikajenga makao Buyenzi na Bwiza, na hadi leo ndicho lugha ya soko, gereji na bandari. Tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, nafasi yake imezidi kupanuka. Novemba 2021 UNESCO iliamua kwamba Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Pamoja na hayo, kijana wa Bujumbura anayetaka kuandika hadithi bado anahisi lazima kwanza abadili lugha.

Kwa aliyerudi, jambo hili linauma zaidi. Waliokimbia mwaka 1972 waliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakazaa na kujukuu huko. Ilipofika mwaka 2008 mlango wa kuchagua ukafunguliwa: wengi waliomba uraia wa Tanzania, na maelfu wakarudi. Watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Walipoingia darasani Burundi walikuta Kirundi cha kuandika na Kifaransa. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kwa insha akageuka bubu kwa wiki moja.

Neno “bubu” sikulichagua bure. “Baho!” ya Rugero inamhusu Nyamuragi, kijana asiyeweza kusema. Anamwomba msichana kwa ishara amwonyeshe mahali pa kujisaidia. Ishara zinaeleweka vibaya, msichana anapiga kelele, na kijiji kizima kinamkimbiza kwa tuhuma ya kutaka kubaka. Mtu anakaribia kuuawa kwa sababu hakuwa na lugha ambayo wenzake wangeisikia.

Waliorudi wana habari ambazo hakuna mwingine atakayeziandika: shamba lililokutwa na mwenye nyumba mwingine, bibi aliyekufa miezi miwili kabla ya lori kuja, jina lililobadilishwa ili mtu apate shule. Zikisubiri hadi wenyewe wajue Kifaransa kizuri, wenyewe watakuwa wameshazikwa.

Mfano wa matumaini upo. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, na alianza kuandika Uingereza akiwa na umri wa miaka 21, kwa upweke wa ugenini. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel. Riwaya yake “Paradise” ya mwaka 1994 inafuata msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani kuelekea bara, na tangu mwaka 2022 inasomwa kwa Kiswahili kwa jina la “Peponi”, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Aidha, mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya Mabati-Cornell kwa miswada ya Kiswahili, iliyotenga dola 15,000 kwa washindi. Njia haijazibwa, ila inahitaji mtu wa kuianza akiwa hapa.

Kuanza na mlichonacho

Samandari ilionyesha kwamba baraza halihitaji jengo. Lilionyesha pia jinsi lilivyo jepesi kuvunjika. Msukosuko wa mwaka 2015 uliwatawanya waandishi na wanahabari wengi. Nivyabandi, aliyeongoza maandamano ya wanawake Mei mwaka huo, alilazimika kukimbia na hatimaye akaishi Kanada. Ndiyo sababu baraza moja la mjini halitoshi. Yanatakiwa mengi, madogo, katika mitaa na masoko.

Watu watano wanatosha. Chagueni siku moja isiyo ya soko kubwa. Kila mmoja alete ukurasa mmoja, wala asizidishe, maana anayesoma kumi huwachosha wenzake na kuwanyima zamu. Anayesoma asijitetee hadi wote wamalize kusema. Wanaosema waguse maandishi, wasimguse mwandishi.

Kisha kila wiki mtu mmoja afundishe kitu anachokijua nje ya maandishi: jinsi ya kusuka kikapu, kupiga gitaa, kupiga picha kwa simu, kuhesabu faida ya gunia. Wiki ifuatayo wote waandike kuhusu kitu hicho. Asiyejua kuandika asimulie, na mwenzake amwandikie. Lugha ichanganywe bila aibu. Neno la Kirundi lisilo na mwenzake kwa Kiswahili liachwe lilivyo.

Jambo moja tu linahitaji uangalifu. Habari za mashamba na za vita zina majina ya watu ambao bado wanachota maji kisima kimoja nasi. Sibazuri alilijua hilo alipoandika mchezo wa majirani wakati wa vita. Kipimo kizuri ni hiki: soma ukurasa wako kana kwamba jirani unayemtaja ameketi benchi la mbele na watoto wake. Ukiona hapawezekani, badili jina na mahali, lakini ukweli wenyewe usiutupe.

Januari 27, 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Pamoja na mali, humo ndani kulikuwa na madaftari. Ndani ya madaftari kulikuwa na majina ya waliokopa na waliolipa, bei za mwaka wa njaa na namba za simu za marafiki wa Kigoma na Bukavu. Hakuna aliyeyanakili, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba ni maandishi.

Daftari ulilonalo leo lina kurasa za nyuma ambazo hazina hesabu. Anzia hapo, na Alhamisi ijayo msomee mtu.