Jumamosi ya Vidanji

Sogeeni, lakini asiingie mtu chini ya jipu. Huko chini ni kwangu peke yangu leo.

Kabla sijagusa buloni, sikilizeni habari ya meli. Mwaka 1916, vita vya Wazungu vilipokuwa vimefika hata kwenye ziwa letu hili, Wajerumani walikuwa na meli kubwa huko Kigoma, Graf von Goetzen. Walipoona wanashindwa, wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate. Ila mafundi wake hawakuondoka hivihivi: kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito, kila pembe. Miaka ikapita, meli iko majini. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, wakakuta mashine bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo kwa miongo mingi.

Chuma kina maadui wawili: maji, na chuma mwenzake. Grisi ya wale mafundi ilimzuia adui wa kwanza. Mafuta ya moteri yetu kazi yake kubwa ni kumzuia wa pili. Hata jipu likiwa limesimama linanguruma tu, mhimili ulio ndani unazunguka zaidi ya mara 600 kwa dakika. Kinachoutenga na chuma kinachoushika ni utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele. Utando ukitoweka, chuma kinauma chuma, na moteri inakwama.

Mafuta hayohayo hubeba joto, masizi na vumbi la chuma. Ndiyo sababu yanakuwa meusi. Mafundi wengi husema kila kilometa 5,000 yabadilishwe. Kitabu cha gari huenda kikasema zaidi, lakini kitabu hicho hakijaonja vumbi la bonde la Ruzizi wakati wa kiangazi. Sisi tunaita kazi hii vidanji. Ni neno la Kifaransa, maana yake kumwaga tu, wala si uchawi wa mafundi.

Na hili kopo dogo ndilo filtri. Ndani yake kuna karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi kama sketi ya shule. Uchafu unabaki hapo, mafuta yanapita. Karatasi ikiziba je? Filtri nyingi zina kimlango chenye springi ndani. Kinafunguka, mafuta yanapita bila kuchujwa. Aliyebuni hilo aliona afadhali moteri inywe mafuta machafu kuliko ife kwa kiu.

Sasa kazi. Jipu liko mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, mawe yako nyuma ya magurudumu. Nimeliwasha dakika tano kisha nikalizima. Mnayajua mawese ya asubuhi yenye baridi? Yameganda chupani, hayataki kutoka; yakipata joto kidogo yanateremka. Haya nayo ni hivyohivyo, ila yakiwa ya moto sana yanaunguza. Jipu letu liko juu, kwa hiyo napenya bila kriki. Lingekuwa gari la chini, nisingelala chini yake likiwa limebebwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja.

Ufunguo namba 14 kwenye buloni ya chini, nazungusha kushoto, kisha namalizia kwa vidole. Beseni nimelisogeza mbele kidogo, maana mafuta hayaanguki wima; mwanzoni yanaruka. Hayo! Yaacheni yatiririke mpaka yabaki matone.

Filtri kuukuu nayo imetoka. Wewe mwenye macho makali, ishike uitazame mdomoni: pete ya mpira ipo? Ikiwa ipo hapo, basi haikubaki kwenye moteri. Mara yangu ya kwanza sikuitazama. Pete kuukuu ilikuwa imenata juu, nami nikafunga filtri mpya na pete yake juu ya ile. Tukaondoka kwenda Kamanyola. Hatujafika Sange, taa nyekundu yenye umbo la birika ikawaka. Nikazima moteri palepale. Nilipotazama nyuma, mstari mweusi ulikuwa umetufuata barabarani kama nyoka. Mama yenu akashuka, akautazama, akauliza, “Baba watoto, hiyo nayo ni vidanji?”

Kwa hiyo pete ipo, vizuri. Ile mpya naipaka mafuta safi kwa kidole, nafunga filtri kwa mkono mpaka pete iguse, halafu robo tatu ya mzunguko. Ufunguo hapa haugusi. Buloni ya chini imerudi, na sasa namimina: moteri hii inachukua lita nne hivi. Kidogo kidogo, kwani yakizidi nayo ni tabu. Mhimili unayachapa mpaka yanatoa povu.

Subiri, usimwage hilo beseni! Mji wetu ni mwembamba: nyuma milima, mbele ziwa. Utakachomwaga uani leo, mvua itakiteremsha mpaka mto Mulongwe au Kalimabenge, kisha ziwani tunakovua mikebuka. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga huko Kalemie. Maji mengine yanapanda juu kwa jua. Mafuta haya hayapandi na jua. Yatiwe kwenye bidoni, kifuniko kikazwe, nitayapeleka gereji kwenye pipa lao. Kuna wanaopaka nguzo ili mchwa wasizile. Mimi sipendi, nguzo nayo hunyeshewa.

Washa. Taa ya birika imezimika? Zima, tungoje kidogo. Sasa chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Mafuta mapya ni shida kuyaona, yana rangi ya chai hafifu. Kiinamishe upande wa jua. Yako kati ya alama mbili? Haya, chungulieni chini ya jipu mara moja tena, kabla hatujamwita mama yenu.