Tugawe Kazi, Tusigawe Kiwanja

Kila mji unaokua hufikia wakati wa kujiuliza: eneo lililoachwa wazi kwa ajili ya watu wote, nani atalitunza? Swali hili linatuhusu pia sisi wa Malangali na kata nyingine za Manispaa ya Sumbawanga. Nyumba zinaongezeka, viwanja vinapimwa, na mahali ambapo watoto wanaweza kucheza mpira, au mzee anaweza kuketi kivulini akapumzika, panahitaji kulindwa kabla hapajaisha.

Katika makala hii tunapenda kueleza kwa nini bustani ya umma huweza kufa katikati ya watu wengi wanaoipenda, na jinsi watu wa kujitolea wanavyoweza kuifanya iishi. Tutaanza na wanafalsafa, tutapita Nairobi kuona mfano mmoja uliofanikiwa, kisha tutarudi nyumbani Ufipa, kwenye kiangazi chetu na madumu yetu ya maji.

Cha wote ni cha nani?

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Siasa, alipokuwa akimpinga mwalimu wake Plato, aligundua kwamba kitu kinachomilikiwa na watu wengi zaidi ndicho hupata matunzo machache zaidi. Kila mmoja hudhani mwingine atafanya. Alitoa mfano wa nyumba yenye watumishi wengi: kazi hulala kwa sababu kila mtumishi anamtegea mwenzake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliichukua hoja hiyo akaitumia kueleza kwa nini ni halali mtu kuwa na mali yake binafsi: mtu huhangaikia kilicho chake kuliko kilicho cha wengi. Lakini hakuishia hapo. Alisema pia kwamba katika kuvitumia vitu, mtu asivihesabu kuwa vyake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wenye shida.

Tukiitazama mitaa yetu, tunaona hoja hiyo ikitimia hatua kwa hatua. Mwaka wa kwanza hakuna anayefyeka nyasi. Kisha mtu anatupa mfuko mmoja wa taka, na wa pili anaona pale ndipo pa kutupia. Mbuzi wanamaliza miche. Njia ya mkato inachongwa katikati. Baadaye kinajengwa kibanda "cha muda tu". Mwishoni anatokea mtu anayesema eneo hili halina kazi, afadhali ligawiwe. Huyo wa mwisho hajioni kuwa mwizi, maana kwa macho ya kila apitaye, mahali hapo hapana mwenyewe. Ndiyo maana kutunza bustani ni njia mojawapo ya kuilinda. Nyasi zilizofyekwa na miche iliyopangwa kwa mistari humwambia kila mpita njia kwamba mahali hapa pana wenyewe.

Je, hoja ya Mtakatifu Thoma inatulazimisha tugawane eneo ili litunzwe? Hapana. Kinachomfanya mwenye mali atunze ni kwamba anajua kazi ni yake, na asipoifanya hakuna wa kumsingizia. Basi tunaweza kuipa kazi mwenyewe, huku ardhi ikibaki ya wote. Tugawe kazi, tusigawe kiwanja.

Somo la Karura

Mfano ulio wazi katika Afrika Mashariki ni msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 1,041. Mwaka 1998 ilifahamika kwamba sehemu za msitu huo zilikuwa zimegawiwa kwa watu binafsi ili wajenge. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, chama alichokianzisha mwaka 1977, waliamua kwenda kupanda miti palepale. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na kundi la watu langoni mwa msitu, na Maathai akajeruhiwa kichwani. Habari zilienea duniani, na mwaka huohuo Rais wa Kenya akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kwetu Wakatoliki inafaa kukumbuka kwamba mama huyo alisomeshwa na masista, kwanza Kenya, kisha katika chuo cha Wabenedikto huko Kansas, Marekani, alikohitimu mwaka 1964. Kabla ya kuwa mtu wa majukwaa alikuwa mtu wa vitalu na miche, pamoja na akina mama wa vijijini.

Lakini kuuokoa msitu kulikuwa nusu tu ya kazi. Kwa miaka iliyofuata Karura ilikuwa salama kwenye karatasi, ila watu waliogopa kuingia kwa sababu ya wahalifu. Miaka kumi hivi baada ya shambulio lile, wakazi wa jirani waliunda chama cha marafiki wa msitu na kushirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2005 iliyoruhusu jamii kushiriki katika usimamizi. Walitafuta fedha za uzio, wakachukua walinzi kutoka Huruma, mtaa wa watu wa kipato cha chini ulio pembeni ya msitu, wakatengeneza njia za kutembea na kuanza kurudisha miti ya asili. Leo familia huenda huko kupumzika mwisho wa wiki.

Karura ina wafadhili ambao sisi hatuna, na tusijilinganishe nayo kwa fedha. Tujifunze mpangilio wake. Ujasiri wa siku moja ulizuia uporaji. Kilichofanya msitu uwe wa watu ni kazi ndogondogo za kila wiki, zenye majina ya wanaozifanya.

Mtihani wetu ni kiangazi

Uwanda wa Ufipa una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo huja miezi sita mikavu, yenye baridi na upepo mkali mwezi wa Juni na Julai, na moto wa nyika mwezi wa Agosti na Septemba. Siku nyingi za kupanda miti, ikiwemo Siku ya Misitu Duniani, tarehe 21 Machi, huangukia mwishoni mwa mvua zetu. Mche uliopandwa mwishoni mwa Machi hupata majuma machache ya mvua, kisha huachwa ukabiliane na kiangazi ukiwa na mizizi mifupi. Picha zimepigwa, hotuba zimetolewa, na ifikapo Oktoba kimebaki kijiti.

Ushauri wa kwanza basi ni kupanda mapema, Desemba au mwanzoni mwa Januari, katika mashimo yaliyochimbwa na kutiwa samadi kabla ya mvua. Wazee wetu walijua kufanya kazi ya leo kwa ajili ya msimu ujao: katika kilimo cha matuta ya Kifipa, nyasi hufukiwa udongoni mvua zinapokaribia kuisha, zioze na kuwa mbolea ya mwaka unaofuata.

Ushauri wa pili ni kupiga hesabu ya maji kabla ya kupanda. Tuseme tumepanda miche 100, na kila mche unapewa lita 10 kwa wiki. Hizo ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20 kila wiki. Kwa majuma 24 ya kiangazi ni madumu 1,200. Mtu mmoja mwenye moyo mwema hawezi. Atachoka kabla ya Julai. Lakini zikiwepo jumuiya sita, kila moja yenye kaya 25, zikapokezana wiki kwa wiki, kila jumuiya itafikiwa na zamu mara nne tu. Kila kaya italeta madumu mawili kwa zamu, yaani madumu manane kwa kiangazi chote. Tukiweka matandazo ya nyasi kavu kuzunguka shina, hata hayo yatapungua. Miche ambayo haina watu wa kuimwagilia afadhali isipandwe.

Zamu, mipaka na kanuni

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alichunguza malisho ya Uswisi, misitu ya Japani, mifereji ya Hispania na Ufilipino. Alionyesha kwamba watu wa kawaida wameweza kutunza mali ya pamoja kwa vizazi vingi bila kuigawana, pale walipotimiza masharti fulani. Tunataja manne yanayotufaa.

Kwanza, mipaka ijulikane. Kabla ya kushika jembe, twende na mwenyekiti wa mtaa katika ofisi za manispaa tuone mchoro wa mipango miji, tujue mawe ya mipaka yako wapi, na tupate ridhaa kwa maandishi. Pili, wanaotumia eneo washiriki kutunga kanuni: vijana wa mpira, akina mama wanaouza matunda, wenye mbuzi. Tatu, awepo mtu wa kuangalia, naye awajibike kwa wenzake. Nne, adhabu ianze ndogo. Anayefungulia mbuzi mara ya kwanza aelezwe, ya pili alete mche, ya tatu aitwe mbele ya mtaa.

Wako wanaouliza kwa nini tufanye kazi ya halmashauri. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanajibu kwa kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius XI mwaka 1931: chombo cha juu kisinyang'anye kile ambacho walio chini wanaweza kukifanya, bali kiwasaidie. Halmashauri ilinde ramani, isimamie mipaka na kuzoa taka, maana hayo hatuyawezi. Kufyeka na kumwagilia tunaweza.

Tuwe waangalifu pia katika mambo mawili. Anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kutoa Jumamosi nzima, na zamu ya haki humpangia saa moja ya jioni ya kazi badala ya kumhesabu mvivu. Tena, bustani ya mtaa si ya parokia. Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na VIWAWA zinaweza kuwa za kwanza kuanza, kwa kuwa tayari tumezoea zamu za kufanya usafi kanisani. Lakini ndugu zetu wa madhehebu mengine na Waislamu wawe na zamu yao na sauti yao tangu kikao cha kwanza.

Sherehe ina kazi yake

Mwanafalsafa Mkatoliki Josef Pieper aliandika mwaka 1948, Ujerumani ikiwa bado magofu, kwamba mtu asiyejua kupumzika na kuadhimisha hawezi kujua kazi yake ni ya nini. Biblia inafundisha vivyo hivyo: mtu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza, lakini pia kuna siku ya saba. Bustani ambayo watu huijua kwa jasho tu itachukiwa. Siku ya ngoma, kwaya, mechi ya watoto na ugali wa pamoja, wale wa zamu sita tofauti hukutana na kujiona kuwa ni watu wamoja. Papa Fransisko aligusa jambo hili katika Laudato Si', mwaka 2015, namba 232: watu wanapolitunza eneo la umma kama kitu cha wote, mahusiano mapya huzaliwa kati yao au ya zamani huponywa.

Kanisa limetupatia na majira yake. Kipindi cha Kazi ya Uumbaji huanza tarehe 1 Septemba na kumalizika tarehe 4 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kwa Ufipa, hicho ni kipindi kigumu cha mche: ardhi imekauka, moto uko karibu, watu wamechoka. Tukiweka sherehe ya bustani wakati huo, tutasherehekea miche iliyopona, si ile iliyopandwa jana, na kila mgeni aje na dumu lake moja la maji.

Basi katika kikao kijacho cha jumuiya, tusianze kwa kuuliza nani anapenda mazingira, maana wote tutanyoosha mikono. Tuulize: wiki ya pili ya Agosti ni zamu ya nani? Jina likiandikwa hapo, bustani imeshapata mwenye kuitunza, na bado ni ya wote.